Wenzetu Hatukuwachagua: Majibu ya Barua Zenu Kuhusu Maisha ya Usista

Barua nyingi zilizofika kwenye safu hii mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: msichana akishavaa shela na kufunga nadhiri, siku zake zinapitaje, na anaishije na wenzake ndani ya nyumba ambayo majirani huliona geti lake tu? Nimechagua barua nne. Mimi ni sista kijana mwenye nadhiri za muda, ninafundisha shule ya msingi na kuishi katika jumuiya ya masista sita, kwa hiyo nitajibu kwa kutumia sheria za Kanisa na pia kwa yale ninayoyaona jikoni kwetu kila siku. Kila shirika lina katiba yake, hivyo msomaji asishangae akikuta masista wa parokia yake wana desturi nyingine katika baadhi ya mambo nitakayoyaeleza.

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo Sista. Nina miaka 16 na ninasoma kidato cha nne. Ninatamani sana kuwa sista, lakini mama anasema masista wanasali kutwa nzima na kwamba nitachoka kabla ya mwaka kwisha. Naomba unieleze siku ya sista ikoje tangu anapoamka, na mtu anaanzia wapi. – Msomaji, Mbinga

Milele amina. Marahaba, mdogo wangu.

Kwetu kengele hulia saa 10:45 alfajiri. Saa 11:15 tunakuwa kanisani kwa tafakari ya kimya, kisha tunasali Masifu ya Asubuhi, yaani sala ya zaburi ya Kanisa, na saa 12:00 tunaungana na waamini wa parokia katika Misa. Baada ya hapo tunakunywa uji au chai kwa viazi vitamu, na saa 1:15 kila mmoja ameshaondoka kwenda kwenye utume wake: wawili shuleni, mmoja zahanati, mmoja ofisi ya parokia, na wawili waliobaki wanaiangalia nyumba, bustani na mifugo. Mchana wale walioko nyumbani husali Sala ya Adhuhuri pamoja, nasi tulioko kazini husali tulipo. Saa 11:30 jioni tunarudi kanisani kwa rozari na Masifu ya Jioni, tunakula, tunakaa pamoja kwa maongezi ya karibu saa nzima, na saa 3:00 usiku tunafunga siku kwa Sala ya Mwisho. Kuanzia hapo ni ukimya mkuu hadi baada ya Misa ya kesho yake. Mara moja kwa mwezi tunakuwa na siku ya mafungo, yaani ya kujitenga kwa sala na ukimya, na mara moja kwa mwaka tunafanya mafungo marefu.

Kwa hiyo mwambie mama, kwa heshima, kwamba sala zote za siku ya kazi nikizijumlisha hazizidi saa tatu na nusu. Saa zinazobaki ni za chaki, sindano, jembe na sufuria. Jumamosi utamkuta sista mwenye shahada akiosha banda la nguruwe, na Jumapili jioni utamkuta huyo huyo akipiga pasi vitambaa vya altare. Zamu ya jikoni haimruki mtu kwa sababu ya cheo au elimu. Katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, inayofuatwa na masista wengi wa kusini mwa Tanzania, imeandikwa kwamba asiwepo wa kusamehewa kazi ya jikoni isipokuwa mgonjwa au mwenye shughuli nzito, na kwamba anayemaliza juma lake afanye usafi siku ya Jumamosi, afue taulo, na arudishe vyombo vikiwa safi na vizima. Maagizo hayo yameandikwa zamani sana, lakini kila Jumamosi mimi huyasikia yakitoka kinywani mwa sista anayetunza stoo yetu.

Mama yako ana haki ya kuogopa uchovu, ila nadhani anautazamia upande ambao sio. Wenzangu niliowaona wakirudi nyumbani tukiwa katika malezi, hata mmoja hakuondoka kwa sababu ya wingi wa sala. Walichoka kuishi na watu ambao hawakuwachagua: kulala jirani na mtu anayekoroma, kula chakula kilichopikwa na mtu asiyejua kuweka chumvi, na kuulizwa ulikokuwa wakati umeshazoea kwenda na kurudi bila kumwambia mtu. Ukitaka kujipima kabla hujaja, usijipime kwa urefu wa rozari yako. Angalia unavyoishi bwenini na yule mwenzako ambaye hamwelewani.

Kuhusu kuanza, maliza kwanza kidato cha nne. Halafu andika kwa shirika unalolifahamu, au zungumza na paroko wako, nao watakualika kwenye semina ya miito. Ukipokelewa utakuwa aspiranti, yaani msichana anayeanza kuyafahamu maisha ya shirika, kisha postulanti, yaani mwombaji, na ndipo utaingia unovisi, kipindi cha malezi kabla ya nadhiri. Sheria ya Kanisa hairuhusu mtu aingie unovisi kabla ya kutimiza miaka 17. Unovisi wenyewe unadumu walau miezi 12, na haupaswi kuzidi miaka 2 isipokuwa kwa nyongeza fupi. Baada yake unafunga nadhiri za muda, ambazo huchukua miaka isiyopungua 3 na kwa kawaida isiyozidi 6, ingawa wakuu wanaweza kuongeza muda huo hadi jumla ya miaka 9. Nadhiri za daima hazifungwi na mtu ambaye hajatimiza miaka 21. Unaona basi kwamba Kanisa halina haraka nawe. Miaka yote hiyo umepewa wewe na shirika mchunguzane, na mlango wa kutoka unabaki wazi.

Neno moja la mwisho kwako. Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, sista wa Jamaa Takatifu aliyeuawa kule Isiro, Kongo, tarehe 1 Desemba 1964, alipokuwa msichana alipanda lori lililokuwa likiwapeleka wasichana kwenye nyumba ya masista ya Bafwabaka bila kumuaga mama yake, na mama akabaki akimtafuta. Ninampenda sana Anuarite na ninamwomba kila siku aniombee, lakini katika hilo la lori usimwige. Kaa na mama, mweleze, umpe muda. Mama aliyelia kwanza na kuridhia baadaye ndiye atakayekuombea utakapokuwa unovisi na usingizi umekataa.

Sista, mimi ni baba wa watoto watano. Binti yangu wa pili ni sista na ni muuguzi katika hospitali ya wilaya, analipwa mshahara wa serikali. Nilimsomesha hadi kidato cha nne kwa kuuza ng'ombe. Uuguzi alisomeshwa na shirika. Sasa mdogo wake amekosa ada, na dada yake anasema hana fedha. Mtu mwenye mshahara anakosaje fedha? Tena kuna shamba la ekari mbili nililomgawia kabla hajaondoka. Je, nalo limekuwa la masista? – Baba Sista, Muleba

Shikamoo baba. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu baba yangu mzazi aliwahi kuniuliza maneno karibu na hayo, na siku ile nilikosa jibu.

Binti yako hakudanganyi. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 668, inasema kwamba chochote anachopata mtawa kwa kazi yake mwenyewe, au kwa ajili ya shirika, kinakuwa mali ya shirika, na vivyo hivyo pensheni na bima. Mshahara ule unaoingia kwa jina lake unapelekwa kwenye mfuko wa pamoja unaoshikwa na sista mtunza mali. Yeye akihitaji sabuni, viatu au nauli, anaomba kama anavyoomba sista asiye na mshahara wowote. Kwetu kuna daftari la mahitaji, nasi huandika humo mwanzoni mwa mwezi. Mwezi uliopita mimi niliandika wino mwekundu wa kusahihishia na dawa ya meno, na nikapata vyote viwili. Hiyo ndiyo nadhiri ya ufukara katika sura yake ya kila siku. Kwa upande wake, sheria hiyo hiyo inalidai shirika limpe binti yako kila anachohitaji ili aishi wito wake.

Fedha hizo zinakwenda wapi? Zinawalisha na kuwatibu masista wazee ambao walifanya kazi miaka 40 katika misheni zisizokuwa na mshahara wala pensheni. Zinawalea wanovisi ambao bado hawaingizi kitu. Zilimsomesha binti yako uuguzi, na sasa mshahara wake unamsomesha msichana mwingine ambaye pengine naye baba yake aliuza ng'ombe.

Lakini baba, sitaki nikuache ukidhani kwamba mtu akiwa sista anakata damu. Mashirika mengi yana utaratibu wa kuisaidia familia ya sista inapofikwa na jambo zito, kama ugonjwa wa mzazi, msiba au nyumba iliyoezuliwa na upepo, kwa kadiri ya uwezo uliopo na kwa usawa kati ya familia zote. Ada ya shule huwa ngumu zaidi, maana wakimlipia mdogo wa huyu itawabidi wawalipie wadogo wa masista wote. Hata hivyo, ninachokushauri ni kwenda wewe mwenyewe, pamoja na mama yake ikiwezekana, mkamwone Mama Mkuu na kumweleza hali yenu. Si aibu. Jambo la kuepuka ni kumsukuma binti yako afiche posho ya safari au fedha ya zamu za usiku ili awatumie kwa siri. Nimeona jinsi siri za namna hiyo zinavyomla mtu rohoni: anaanza kuwakwepa wenzake mezani, halafu anaanza kuikwepa sala.

Nitasema na jambo lingine ambalo huenda wakubwa wangu wasilipende sana. Wazazi wengi wanaalikwa kwenye sherehe ya nadhiri, wanacheza ngoma na kumkabidhi binti yao mbele ya altare, na hakuna aliyekaa nao chini hata nusu saa kuwaeleza kwamba mshahara wa huyo mtoto hautafika nyumbani. Hilo ni kosa letu mashirika. Mzazi aliyeelezwa mapema huumia mara moja. Yule ambaye hakuelezwa huumia kila mwisho wa mwezi.

Kuhusu shamba, mtawa hapotezi umiliki wa mali yake kwa nadhiri za kwanza. Kabla ya kuzifunga anatakiwa amkabidhi usimamizi wa mali hiyo mtu anayemtaka mwenyewe, ambaye anaweza kuwa wewe au kaka yake, na walau kabla ya nadhiri za daima anaandika wosia unaotambuliwa pia na sheria za nchi. Yapo mashirika ambayo katiba zao zinamtaka mtawa aachilie mali yake yote kabla ya nadhiri za daima, hivyo muulize kwa upole aliandika nini. Ukiona mipaka ya ekari hizo imeanza kusogezwa na majirani, mwambie pia, kwa sababu msimamizi aliyetajwa kwenye karatasi anapaswa kulitunza shamba kwelikweli.

Hivi masista mnaruhusiwa kuwa na simu na kutazama mpira, au mmefungiwa ndani? – Kijana, Mombasa

Wapo watawa wa ndani, kama Wakarmeli na Waklara, ambao kwa wito wao hawatoki nje ya ua wa monasteri isipokuwa kwa sababu nzito, na wageni wao huwapokea ukumbini. Sisi wengine ni masista wa utume, tunapanda daladala kama wewe. Simu tunazo kwa ajili ya kazi na familia. Wanovisi kwa kawaida hawanazo katika kipindi chao. Wakati wa ukimya mkuu simu inazimwa, na mezani hairuhusiwi kabisa, jambo ambalo ninalishukuru kila ninapoona familia nzima hotelini ikiwa imeinamia vioo. Mpira tunautazama, timu ya Taifa ikicheza na mechi ikiisha kabla ya Sala ya Mwisho.

Sista mpendwa, mimi ni mwenzako mwenye nadhiri za muda, mwaka wa pili. Nimepangwa katika zahanati ya kijijini, tuko masista wanne, na wenzangu wote wamenizidi zaidi ya miaka 25. Mmoja wao ananikosoa kwa kila ninachofanya, tena mbele ya wagonjwa na wafanyakazi. Jioni wanaongea habari za watu na miaka ambayo sikuwepo, nami ninakaa kama mgeni. Ninalia usiku. Ninawaza kuondoka nadhiri zangu zitakapokwisha muda. Je, mimi sina wito? – Sista, jina limehifadhiwa

Dada yangu, nakushukuru kwa kuandika. Wengine wanaolia kama wewe hawathubutu kuandika.

Nianze kwa kusema wazi kwamba unachofanyiwa mbele ya wagonjwa si sahihi. Umri haumpi mtu ruhusa ya kumwaibisha mwenzake kazini, na kuuvumilia uonevu kimya kimya siku zote si utii. Nadhiri ya utii uliifunga kwa Mungu mikononi mwa wakuu wako halali. Hukuifunga kwa kila sista aliyekutangulia kuingia utawani. Nao wakuu wamewekewa masharti: sheria ya Kanisa inawataka watumie mamlaka yao kwa roho ya utumishi, wawasikilize kwa moyo wale waliokabidhiwa, na wawaimarishe waliokata tamaa. Kwa hiyo ukimwendea mkuu wa jumuiya yako ukamweleza haya, utakuwa unamsaidia kutimiza wajibu wake.

Pamoja na hayo, ninaomba nikusimulie lililonipata mimi katika kituo changu cha kwanza. Tulikuwa watano, na mmoja alikuwa sista mzee aliyekuwa amekaribia jubilei yake ya miaka 50 ya utawa. Kila nilipomaliza zamu ya jikoni, yeye alikuja taratibu, akachukua sufuria nilizokwisha kuosha, akazipapasa ndani kwa vidole, kisha akazirudisha kwenye karai na kuanza kuzisugua upya kwa majivu. Hakusema neno. Ningependa angesema. Kwa muda wa miezi minne nilikwenda kulala nimekasirika, nikiamini kwamba mbele ya macho yake mimi ni msichana mchafu asiyelelewa kwao. Nilikwisha kutunga barua ya kuomba uhamisho.

Ndipo nikatumwa kumsindikiza hospitali. Daktari wa macho alipomaliza kumpima akaniuliza mimi kwa ukali tumemwachaje mama huyu hadi mtoto wa jicho amefikia hali ile, maana jicho moja lilikuwa halioni kabisa na la pili liliona ukungu tu. Sista hakuwa amemwambia mtu. Aliogopa kuondolewa kwenye zamu, akawa mtu wa kukaa barazani na kuhudumiwa. Zile sufuria alizipapasa kwa sababu hakuweza kuziona, na alizisugua kwa sababu kazi hiyo ilikuwa imebaki ndani ya uwezo wake. Tukiwa garini kurudi nikamwomba msamaha kwa mambo ambayo hakujua kwamba nilikuwa nikiyawaza. Tangu siku hiyo tukagawana kazi: mimi nikaosha, yeye akakagua kwa vidole, na penye ukoko akanirudishia.

Sisemi kwamba sista wako naye ana mtoto wa jicho. Huenda ana ukali tu, ambao hakuna aliyewahi kumsaidia kuurekebisha. Ninachosema ni kwamba bado hujajua, na huwezi kujua kwa kumtazama kutoka upande wa pili wa meza. Sisi hatukuchaguana. Familia ina damu, wanandoa walipendana kwanza, lakini masista wanne hukusanywa na barua ya uteuzi, wakapewa nyumba moja na jiko moja, wakaambiwa wawe jumuiya. Upendo hapo haukuwepo tangu awali. Unatafutwa, na mwaka wa kwanza au wa pili mara nyingi haujaonekana. Ndiyo sababu kulia kwako hakunipi mimi ushahidi kwamba huna wito.

Hayo maongezi ya jioni nayo yana dawa ndogo niliyoijaribu. Waulize. Muulize mkubwa kuliko wote ilikuwaje walipofika kijijini hapo, walilala wapi, nani aliwapa chakula cha kwanza. Ukishamjua yule mtu wanayemtaja kila jioni, hutakaa tena kama mgeni jina lake litakapotajwa. Ila jihadhari na jambo moja: usitafute faraja kwa kumsema yule sista kwa wauguzi au kwa mwenzako wa kituo cha jirani. Papa Fransisko aliwaonya watawa mara nyingi kwamba masengenyo ni ugaidi ndani ya jumuiya, na mtu aliyewahi kuishi katika nyumba yenye masengenyo hawezi kuliona neno hilo kuwa kali mno.

Sasa la kufanya. Kwanza zungumza na sista mwenyewe, wawili tu, asubuhi ambayo hamjakosana, umtajie tukio moja badala ya kumlundikia yote: siku fulani, mbele ya mgonjwa fulani, ulisema hivi, nami niliumia, nikikosea, naomba uniite pembeni. Isipobadilika, mwendee mkuu wa jumuiya, naye aliweke kwenye kikao cha jumuiya kwa namna ya jumla. Pili, uwe na mlezi wa kiroho unayemchagua mwenyewe. Mbele ya wakuu wako una uhuru wa kufungua moyo wako ukipenda, lakini sheria inawakataza wao kukulazimisha uufungue, kwa hiyo usiogope kutenganisha mambo ya dhamiri na malalamiko ya kazi. Tatu, mwambie mlezi wa masista wa nadhiri za muda kwamba huna rika hapo nyumbani, na umwombe mikutano ya vijana ifanyike mara nyingi zaidi. Nyumba yenye pengo la miaka 25 ni mzigo kwa kijana, na mtu anayepanga vituo anapaswa kulisikia hilo kutoka kwako.

Kuhusu kuondoka, nadhiri za muda zikiisha una uhuru kamili wa kwenda nyumbani, na hakuna atakayekuwa na haki ya kukuita msaliti. Lakini bado una zaidi ya mwaka mbele yako kabla ya kuandika barua ya kuomba kurudia nadhiri au kuaga. Usiamue usiku ukiwa na machozi. Amua baada ya kuzungumza na sista yule, baada ya kusikilizwa na mkuu wako, na baada ya mafungo ya mwaka. Ukishazungumza naye niandikie tena, uniambie alijibu nini. Mimi na wenzangu watano tumeliweka jina lako kwenye maombi ya Masifu ya Jioni tangu siku barua yako ilipofika, nami nimewaambia tu kwamba ni dada yetu mmoja aliye mbali.